Kutoka Kigoma kwenda kuoga maji moto ya Mugara: maswali mnayoniuliza mara kwa mara

Nakaa Mwanga, Kigoma mjini. Tangu nilipompeleka mama yangu kuoga maji moto ng'ambo ya mpaka, huko Mugara nchini Burundi, simu yangu haitulii. Ndugu wa Tabora wanapiga, majirani wanapiga, hata watu nisiowafahamu wanapewa namba na wifi zangu. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka pamoja na majibu yake. Kabla ya yote naomba mjue hili: maji haya ni raha kubwa kwa mwili uliochoka, na ni moto kwelikweli. Anayeyaendea kwa adabu na uangalifu anarudi na furaha. Anayeyaendea kama hospitali anaweza kurudi na mgonjwa aliyezidiwa.

Mugara ni wapi?

Ni karibu na mji wa Rumonge, kusini mwa Burundi. Wengi hudhani lazima uvuke ziwa, lakini sivyo. Rumonge iko mwambao huu huu wa mashariki wa Ziwa Tanganyika tulioko sisi, ila kaskazini yetu. Chemchemi zenyewe haziko ufukweni, ziko upande wa vilima.

Ni hamamu, yaani nyumba ya kuogea maji moto, kama ile ya Unguja?

Hapana. Hamamni ya Mji Mkongwe ilijengwa enzi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na maji yake yalipashwa kwa kuni. Ile ya Kidichi, ya mwaka 1850, ilikuwa ya Seyyid Said na mkewe wa Kiajemi. Hayo ni majengo ya watu wakubwa, yenye kuba na sakafu za kupendeza. Maji moto ya kijijini ni habari nyingine: moto unatoka ardhini, na wanaooga ni wakulima, wavuvi, akina mama na watoto wao, pamoja na wageni kama sisi. Usiende na picha ya hoteli ya kitalii kichwani. Beba taulo lako, kandambili zako, nguo ya kubadili, maji yako ya kunywa na mfuko wa plastiki wa nguo mbichi.

Kwa nini nivuke mpaka? Upande wetu hakuna chemchemi?

Zipo, na swali hili nalipenda kuliko yote kwa sababu linanipa nafasi ya kuwaambia watu habari za Uvinza.

Ukitoka Tabora kwa barabara unapita Urambo, Kaliua, unavuka Mto Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete, kisha unafika Uvinza. Wengi hapo hununua ndizi na maji, wakaondoka. Wamepita juu ya mojawapo ya sehemu za kale za kazi ya mikono katika nchi hii. Karibu na pale Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi kuna chemchemi za maji ya chumvi. Miaka ya 1960 mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walichimba hapo wakakuta vigae vya vyungu na mabaki ya shughuli za kuchemshia chumvi. Ya chini kabisa yalipimwa yakaonekana kuwa na umri wa miaka 1,500 hivi. Miaka elfu moja mia tano! Kabla ya misafara ya pembe na watumwa, kabla ya Ujiji kuwa soko la kujulikana, watu wa huku walikuwa wakichota maji ya chumvi na kuyachemsha kwenye vyungu hadi yakauke.

Kazi ilifanyika kiangazi. Masika mito ikijaa, maji yasiyo na chumvi huingia kwenye chemchemi na chumvi hupungua nguvu. Basi mvua zikikatika watu walikuja kutoka mbali, wakajenga vibanda vya msimu, wakachemsha, na watawala wa Kivinza wakachukua fungu lao. Chumvi hiyo ilisambaa pande zote za ziwa. Msafiri wa Kizungu Burton alipopita kwenda Ujiji mwaka 1858 aliyaona mashimo hayo ya chumvi akayaandika. Stanley naye, mwaka 1871, alikuta kuvuka Malagarasi hakuna bure: ukitaka kupita Uvinza, unalipa hongo, yaani ushuru wa njia kwa watawala. Baadaye Wajerumani waliishika biashara hiyo ya chumvi, na mpaka leo mgodi upo, maarufu kwa jina la Nyanza. Chumvi ya Uvinza iko jikoni kwangu ninapoandika haya.

Je, unaweza kuoga Uvinza? Usiende kwa nia hiyo. Maji yale ni ya kutengenezea chumvi na eneo ni la mgodi, kwa hiyo kuingia ni kwa ruhusa. Lakini simama. Shuka garini, uliza wenyeji, omba ruhusa, uangalie. Kama una watoto garini, waambie wanaona kitu ambacho babu wa babu zao walikifuata kwa miguu wiki nzima.

Kwa wale wa njia ya kusini: mkoani Katavi, upande wa Mpimbwe, kuna mahali panaitwa kabisa Majimoto, na jina hilo halikutolewa bure. Kutoka Kigoma, hata hivyo, kwa safari ya siku mbili ya familia, mimi huchagua Mugara.

Maji yanapata wapi moto? Kuna volkano?

Mama aliuliza hivyo hivyo, akasita kuweka mguu. Si lazima kuwe na volkano. Ardhi kwa kawaida huongezeka joto kadiri unavyoshuka, kwa wastani nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Na sisi tunaishi juu ya Bonde la Ufa: nchi imepasuka na kuachana, ndiyo maana ziwa letu lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Mvua inayonyesha milimani huzama kwenye nyufa, hushuka chini sana, hupata joto, huyeyusha madini ya miamba inayopitia, kisha hupanda tena kwa ufa mwingine. Kinachotoka ni maji moto yenye madini. Hata chini ya ziwa jambo hilo lipo: upande wa Kongo, huko Pemba na Rasi ya Banza, maji moto hububujika kwenye sakafu ya ziwa.

Chumvi ya Uvinza nayo ni madini yaliyoyeyushwa na maji ya chini kwa chini. Tofauti ni maji yamepita wapi na yameshuka kiasi gani.

Njia ikoje?

Kigoma mjini hadi Mwandiga, halafu unashika barabara ya Manyovu, kilomita 60 hivi za lami zinazopanda vilima vya Buhigwe. Hapo hewa inabadilika, joto la ziwani linabaki nyuma, unaona migomba na kahawa. Beba sweta la mtoto. Manyovu ndipo mpakani, na upande wa pili panaitwa Mugina. Ukishavuka unapita Mabanda, unateremka hadi Nyanza-Lac ufukweni, kisha unafuata ziwa kwenda kaskazini, maji yakiwa mkono wako wa kushoto, mpaka Rumonge.

Jambo la kushika: Burundi wanaendesha upande wa kulia. Gari letu lina usukani kulia, kwa hiyo dereva haoni vizuri mbele anapotaka kulipita lori. Aliyekaa kiti cha mbele kushoto awe macho, asilale, ndiye jicho la dereva. Na pale mpakani, mita chache za kwanza ndizo mtu husahau na kurudi upande aliouzoea.

Kama unatoka Tabora, usijaribu kuunganisha yote siku moja. Lala Kigoma, vuka asubuhi.

Nahitaji karatasi gani?

Pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria ambayo Uhamiaji huitoa kwa safari za nchi jirani. Waulize Uhamiaji Kigoma kabla ya siku ya safari, na waulize pia hali ya mpaka wiki hiyo. Kila mtoto awe na hati yake. Ikiwa mtoto si wako wa kumzaa, beba barua ya wazazi wake.

Halafu kuna kadi mbili za njano, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya mwili wako: cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na kama ulichanjwa zamani usiwe na wasiwasi, kwani tangu Julai 2016 cheti hicho kinahesabika kuwa cha maisha. Ya pili ni ya gari: kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima ya gari kwa nchi za nje. Bima yako ya kawaida ya Tanzania haikulindi ukigonga mtu Mabanda. Omba kadi hiyo kwa wakala wako wa bima. Kadi ya gari iwe halisi, na kama gari si lako, chukua barua ya mwenye gari. Forodha nao watataka gari liandikwe kuwa linatoka kwa muda.

Mafuta, pesa, saa?

Jaza tangi Kigoma. Burundi imepitia uhaba mkubwa wa mafuta miaka ya karibuni, na sitaki ukwame na wazee garini. Pesa ni faranga za Burundi, na noti ndogondogo zina kazi kuliko kubwa. Saa ya Burundi iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na hilo huwapoteza watu wakati wa kurudi: saa kumi jioni ya Rumonge tayari ni saa kumi na moja Manyovu. Kila mpango wa kurudi ufanye kwa saa ya nyumbani.

Lugha?

Hakuna shida. Mwambao wa Rumonge na Nyanza-Lac Kiswahili kinazungumzwa sana, na Muha atasikilizana na Mrundi bila mkalimani maana lugha zao ni ndugu. Hata hivyo, jifunze "bwakeye" ya asubuhi, "mwiriwe" ya mchana na jioni, na "murakoze" ya kushukuru. Mgeni anayeanza na salamu huelekezwa vizuri.

Je, maji yanatibu?

Nitasema nilichokiona na kinachojulikana. Mama ana magoti ya uzee. Alipotoka majini alitembea kwa wepesi ambao sikuwa nimeuona muda mrefu, usiku akalala fofofo, na nafuu ikakaa siku kadhaa. Magoti hayakupona. Joto hulegeza misuli na kufungua mishipa ya damu, na maji hubeba uzito wa mwili ili kiungo kipumzike. Tafiti za kuoga maji ya madini zimeonyesha nafuu ya maumivu kwa baadhi ya wenye matatizo ya viungo, ingawa ushahidi wenyewe si mzito. Basi ni nafuu, na nafuu ni neema kwa mtu mwenye maumivu.

Kinachoniuma ni watu wanaopeleka mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni, au mtu wa presha aliyeacha dawa kwa kuwa "maji yatamsaidia". Nawasihi msifanye hivyo. Dawa zinaendelea kama kawaida, kliniki inabaki pale pale, na maji ni nyongeza. Mtu akikuambia maji yanaponya UKIMWI, saratani au ugumba, anakudanganya, hata kama mwenyewe anaamini anachosema.

Nani asiingie?

Mwenye homa. Mwenye kidonda kibichi, upele au fangasi, kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake. Aliyekunywa pombe. Mwenye ugonjwa wa moyo, mpaka daktari wake akubali. Mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwanzo, kwa sababu joto kali la mwili wa mama linaweza kumdhuru mtoto anayeumbika.

Mwenye kisukari nimtaje peke yake. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguu. Mtu anatumbukiza mguu kwenye maji yanayounguza, hasikii kitu, anatoa mguu umeiva. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache tu. Mwenye kisukari asipime maji kwa mguu wake kamwe. Ampimie mwingine, tena kwa kiwiko, kama tunavyopima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Nikae majini muda gani?

Dakika 10 hadi 15, utoke, upumzike, unywe maji, kisha ukitaka urudi. Maji ya nyuzi 36 hadi 40 ndiyo ya kustarehe. Yakizidi hapo fupisha. Usiingie kwenye jicho la chemchemi lenyewe, pale maji yanapotokea, na usikanyage ukingo wake wenye utelezi. Tafuta mahali maji yameshapoa kidogo.

Safari yetu ya kwanza shemeji yangu alikaa karibu saa nzima, raha imemshika. Aliposimama ghafla alianguka kama mzigo, tukamdaka kabla kichwa hakijagonga jiwe. Joto lilikuwa limeshusha presha yake na jasho limemkausha. Toka taratibu: kaa kwanza ukingoni, pumua, ndipo usimame.

Nivae nini? Wanawake na wanaume wanaoga pamoja?

Ukifika, uliza utaratibu wa siku hiyo. Usivue kabla hujauliza. Wanawake, kanga mbili na nguo ya ndani inayositiri vinatosha. Wanaume, kaptula pana. Kwa akina mama wanaotaka faragha, asubuhi na mapema siku za kazi ndio wakati mzuri, kwani mwishoni mwa wiki watu ni wengi. Na adabu ya kwanza ya maji ya pamoja duniani kote ni hii: nawa mwili kabla ya kuingia. Wajapani, ambao maji moto kwao ni sehemu ya maisha, hujisugua kwanza wakatakata, halafu ndipo huingia. Sabuni, mafuta na kufua nguo ni nje, mbali na pale wenzako wanapoketi.

Watoto?

Wachache, kwa muda mfupi, na mkononi mwa mtu mzima. Mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wetu. Dakika tano katika maji ya vuguvugu zinamtosha. Wachanga wabaki kivulini.

Naweza kuzamisha kichwa, au kuyanywa?

Kichwa kibaki juu. Katika maji yasiyo ya chumvi, yakipata joto, anaweza kuishi amiba mdogo asiyeonekana kwa macho ambaye akiingia puani hufika kwenye ubongo. Ni nadra mno, lakini anayepatwa karibu kila mara hufa, na kujikinga ni rahisi tu: usipige mbizi, usivute maji puani.

Kuyanywa sishauri, wala kuyajaza kwenye madumu kupeleka nyumbani. Maji ya Bonde la Ufa mara nyingi yana floridi nyingi. Waulize watu wa Arusha wenye meno ya kahawia. "Madini" katika neno maji ya madini hayamaanishi yote yanaufaa mwili.

Vivyo hivyo usioge kwenye madimbwi yaliyotuama chini ya chemchemi, yenye majani na yaliyokwisha kupoa. Hapo konokono wa kichocho wanaweza kuishi.

Nina mkufu wa fedha.

Uache nyumbani. Chemchemi nyingi zina salfa, ile yenye harufu ya mayai viza, na salfa huifanya fedha kuwa nyeusi. Dhahabu haidhuriki namna hiyo, lakini pete huteleza kidole kikilowa.

Picha?

Piga ziwa, piga vilima, jipige na watu wako. Anayeoga usimpige bila idhini yake, na watoto wa wenyeji usiwapige kabisa bila wazazi wao.

Tutakula nini?

Samaki, bila kufikiria mara mbili. Mgebuka wetu Warundi wanamwita mukeke, ni yule yule wa ziwa lile lile, na wa kuchoma pale Rumonge ni mtamu sana. Eneo hilo pia ni la michikichi kama kwetu, kwa hiyo mawese utayakuta. Angalia tu msimu: mwaka 2024 uvuvi ziwani ulifungwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, na nyakati kama hizo mgebuka huadimika. Usile ukashiba kabla ya kuoga. Oga kwanza.

Niende mwezi gani?

Juni hadi Agosti. Vilima vya Buhigwe vikinyeshewa vina ukungu na utelezi.

Na dereva naye aoge?

Aoge, tena awe wa kwanza. Amewabeba. Lakini maji moto huleta usingizi mzito, presha imeshuka na misuli imelegea, na barabara ya kupanda kutoka Nyanza-Lac haitaki mtu mwenye kope nzito. Sisi hufanya hivi: dereva anaoga asubuhi, anakula, analala kivulini kwa muda wa saa mbili, ndipo tunawasha gari. Ikifika saa nane mchana kwa saa ya nyumbani kabla hajalala, tunatafuta nyumba ya wageni Rumonge na kuondoka kesho yake. Mama ndiye aliyeweka sharti hilo, na hata tukiwa na haraka hakubali livunjwe.